Wimbo wa Marehemu Thady Marrinan

Malachy Tubridy aliapa kwa roho ya mama yake, kwa Bikira Maria na kwa fidla iliyokuwa mapajani mwake, kwamba hakutia chumvi hata chembe. Wimbo ule alipewa na marehemu Thady Marrinan mwenyewe, mpiga zumari la mfuko, siku ya mnada wa ng'ombe kule Ennistymon, magharibi mwa Ayalandi, mvua ikinyesha kwa ubavu.

"Thady alikuwa amejibanza chini ya mkokoteni, zumari kwapani," alisema. "Fahali mmoja akaja kusikiliza, akagoma kuuzwa mpaka wimbo uishe."

"Fahali," alisema Attracta Looney.

"Muulize yeyote, dada."

"Nimuulize nani? Wote unaowataja wako makaburini."

Attracta ndiye aliyeongoza bendi, kodiani magotini, na sheria yake ilikuwa moja: aletaye wimbo ataje aliupata kwa nani. Wimbo wa juzijuzi ulitazamwa kama mgeni aliyeingia sebuleni na matope. Malachy alilijua hilo. Alijua pia kwamba tamasha la muziki la Miltown limekaribia, na kwamba Attracta amemwalika kijana wa zumari, Dara Conneely, aje Jumapili hiyo baada ya misa. Viti vya bendi pale baa, kando ya moto, vilikuwa vinne, na vyote vilikuwa na wenyewe. Dara akikaa, mmoja atainuka, na vidole vya Malachy siku hizi vilichelewa kama barua za kisiwani.

Ndiyo maana alijifungia jikoni kwake siku mbili nzima, akatunga. Kisha akatafuta marehemu wa kumtwika.

Dara alifika amelowa chapachapa. Wakampa chai na mkate wa soda, akajifunga kiunoni mvukuto wa kujazia upepo, akaweka mfuko wa zumari kwapani.

"Haya Malachy, tusikie huo wa fahali," alisema Attracta.

Lazima isemwe, wimbo ulikuwa mtamu. Ulipanda, ukageuka, kisha ukateremka mpaka kwenye uzi mnene wa fidla, ukakoroma kule chini kama paka aliyeshiba. Mara ya pili Attracta akaudaka. Mwenye baa akaacha kufuta glasi.

Mara ya tatu Dara akaingia na zumari. Akapanda nao, akageuka nao, ulipoteremka akanyamaza. Akausubiri juu, akaingia tena. Uliposhuka, akanyamaza tena.

"Vipi mwanangu, umeukimbia?" Malachy alimchokoza.

"Hapana mzee. Bomba limeisha." Dara aliinua bomba la zumari, akagusa ncha yake. "Chini ya hapa hakuna sauti. Wewe umeshuka ngazi nne zaidi. Marehemu Thady alizitoa wapi, kwenye soksi?"

Kicheko kikaanzia kaunta.

"La kwake lilikuwa refu," alisema Malachy.

"La kwake ndilo hili. Babu alilinunua kwa mjane wake."

Attracta alilifunga kodiani lake taratibu. "Malachy. Umeupata kwa nani?"

Malachy aliitazama fidla kana kwamba nayo imeulizwa. "Kwangu mwenyewe."

"Lini?"

"Jumanne. Jumatano nikaunyoosha kidogo."

"Na fahali?"

"Fahali alikuwapo," alisema Malachy. "Ila si siku hiyo."

Attracta hakucheka, ingawa mdomo ulimtetema. "Dara, kaa kwenye kiti chake. Wewe Malachy utachukua kigoda kile cha mlangoni. Wimbo tutaupiga Miltown, kwa jina lako, na zile sauti za chini ni zako peke yako."

"Pale mlangoni kuna upepo, Attracta."

"Vaa koti. Na kabla hujakaa, baa nzima ina kiu."

Malachy alikwenda kaunta, akasimama akingoja povu la bia nyeusi litulie, glasi baada ya glasi. Nyuma yake zumari lilikuwa limeshaanza wimbo wake, kwa kasi asiyoiweza tena.

"Na padri?" mwenye baa aliuliza. "Ameingia sasa hivi."

"Na padri," alisema Malachy, akaifungua tena pochi.