Maji Nyuma ya Ukuta

Thacienne aliziba ufa wa ukuta kwa saruji mara ya tatu, na kwa mara ya tatu maji yakapata mahali pengine pa kuingilia.

Nyumba aliyoishi, huko Mururu, ilichimbiwa ubavuni mwa kilima. Vita vilipomvusha mpaka yeye na mama yake kutoka Bukavu mwaka 1996, waliikuta imeng'olewa mabati na milango. Kilichobaki na kifuniko ni chumba cha chini, kilichozama ardhini, sakafu ya juu ikiwa ndiyo dari yake. Humo alimlaza mama yake, Mukabalisa, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Sasa mkeka ulikuwa umelowa na mama alikuwa akikohoa bila kupumzika.

"Nipeleke inje," mama alisema. "Heri mvua ya juu."

"Inje utakufa, maman."

Asubuhi alimwita Ladislas, mwashi mzee. Mzee hakuutazama hata ule ufa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapanda mteremko, akasimama katikati ya maharagwe.

"Hapa kulikuwa mufereji?"

Thacienne alimjibu mzee kwa heshima: "Kulikuwa. Niliufukia nikapanda. Tulikuwa na njaa, papa."

"Basi. Hii maji inashuka mulima, inakosa njia, inazama mu udongo laini. Inajaa nyuma ya ukuta, inausukuma. Ukiziba hapa, itatokea pale. Fungua mufereji."

Maharagwe ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua, na shamba lingine hakuwa nalo. Thacienne alikaa chini kwenye tope, akalia kwa muda mfupi, kisha akashika jembe. Alianza kwa kung'oa mashina taratibu, akayahamishia pembeni, lakini wingu lilipotanda juu ya ziwa kule chini aliacha huruma akakata tu. Ladislas naye akachimba upande wa chini. Mvua ilipofika, maji ya kilima yaliingia mferejini yakapita kando ya nyumba.

Chumbani, ukuta uliendelea kuvuja.

"Ile maji yenye udongo ilishakunywa itatoka polepole," Ladislas alisema. "Siku nne, tano."

Thacienne aliinua mkeka juu ya matofali, akamlaza mama upya. Jioni alichemsha majani ya mashina aliyoyakata, yakajaza sufuria.

Mama alikula kidogo. "Haya ni ya leo na kesho," alisema. "Kesho kutwa je?"

Thacienne alichukua bakuli, akaanza kuchota maji sakafuni.