Msumari wa Kisogoni

Mwalimu Hazlan alichora mgomba ubaoni, akachora na mwanamke asiye na uso chini yake, kisha akapangusa chaki viganjani kama mtu aliyetoka kufukia kaburi.

"Haya. Huyu pontianak wa riwaya yetu anaashiria nini?"

Darasa lilichangamka. Riwaya ile waliipenda: bweni la wasichana, migomba iliyosongamana nyuma yake, harufu ya maua isiyojulikana itokako, na jini wa mwanamke aliyekufa akijifungua, anayerudi kunyonya damu za walio hai. Taiping, mji wao, ni mji wa mvua. Madirisha yalikuwa yametota, na mandhari ya kitabuni ni kama yalikuwa yamehamia shuleni.

"Migomba ni siri, Mwalimu," alisema Wei Shan. "Ina kivuli kingi, lakini ukiikata ndani ni maji matupu."

"Safi sana! Na mwanamke?"

Faizul aliinuka huku akijichekea. "Mwanamke ni kushindwa. Alipewa kazi moja tu, ikamshinda. Ndiyo maana kamnunia kila mtu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, akaandika ubaoni: *uzazi ulioshindwa*.

Melur hakucheka. Alikuwa msichana wa maneno machache, wa kumeza sasa na kutafuna baadaye. Mama yake alifariki siku ileile aliyomzaa yeye, na katika nyumba aliyoishi na bibi yake habari hiyo ilikuwa kama chungu kilichochachia mekoni: kila mtu alijua kipo, hakuna aliyethubutu kufunua.

"Na msumari je?" Mwalimu aliendelea. "Shujaa anampigilia msumari kisogoni, jini linageuka mke mzuri, mtiifu."

"Ndoa hiyo!" mtu akapaza sauti nyuma. Kicheko tena.

Kiti cha Melur kilianguka, ndipo mwenyewe akatambua kuwa amesimama.

"Ameshindwa nini?"

"Unasemaje?"

"Huyo mwanamke. Alikuwa anazaa, akatoka damu, akafa. Ameshindwa nini hapo?"

"Melur, tunajadili ishara. Huyu si mtu."

"Kitabu kizima kila mtu ana silaha yake, Mwalimu. Huyu ana msumari, yule ana sindano za kumtia maiti viganjani, yule anatandaza miiba chini ya nyumba. Mbona siku anatoka damu hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Faizul aliinamia dawati lake. Mwalimu alishika dusta, akautazama ubao asijue aanze kufuta wapi.

"Kaa, binti," alisema kwa upole.

Melur akachukua mkoba wake, akatoka.

Alimkuta Bibi Salmiah barazani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Mbona mapema?"

"Bibi, mama mlimzika na sindano viganjani?"

Mkono wa bibi ulisita juu ya meno ya mbuzi. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Kitabu."

"Vitabu vya siku hizi havina haya."

"Bibi, nimekuuliza."

Ajuza aliweka kifuu chini. "Waliniletea. Wanawake walijaa chumbani, wananiambia, mtie, Salmiah, asije akaturudia. Nikazipokea. Nikajifanya namtia." Alifumba kiganja, akakifumbua. "Nikaenda kuzitupa mtoni. Na dirisha sikulifunga msimu mzima wa mvua, mpaka godoro likaoza. Nilitaka arudi, Melur. Hata na makucha yake, arudi tu. Hakurudi."

Hasira aliyoibeba Melur tangu shuleni ikakosa pa kutua. Ilikuja kumwangukia mtu, na mtu huyo ndiye huyu, ana chembe za nazi mikononi, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Na gari?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Halikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Mvua iliongeza nguvu juu ya bati.

"La Haji Mokhtar. Lilikuwa jipya, viti havijavuliwa nailoni. Babu yako alimpigia magoti pale barabarani. Akasema tusubiri gari la wagonjwa. Damu, akasema, haitoki kwenye viti."

Haji Mokhtar! Yule anayewaletea matunda ya durian kila msimu. Yule aliyempapasa kichwa siku alipohitimu Kurani, akasema, maskini, kafanana na mama yake.

"Na wewe durian zake unazipokea?"

"Tunaishi naye, mwanangu. Msikiti mmoja, mazishi mamoja. Ukigombana na jirani utaamkia wapi? Nilimeza."

"Mimi imenikwama, Bibi."

"Unakwenda wapi? Mvua yote hiyo! Melur!"

Nyumba ya Haji Mokhtar ilikuwa ng'ambo ya mtaro. Melur alitembea akiyapanga matusi, moja baada ya jingine, makali, ya kukata. Na kila hatua moja lilimponyoka, hata alipofika mlangoni alikuwa hana neno. Akapiga hodi.

Mzee alifungua mwenyewe, miwani kwenye paji la uso, gazeti mkononi. Alimwona msichana mlangoni, mtandio umelowa na kumganda usoni, midomo haina damu kwa baridi. Gazeti likaanguka. Kwa pumzi chache hakuwa akimtazama Melur. Midomo yake ilikimbilia dua, ikajikwaa.

"Ni mimi, Babu Haji. Melur."

"Ah... ah, mwanangu. Umenishtua. Ingia basi, utaugua."

"Hapana," alisema Melur, kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe. "Nitakulowanishia viti."

Mzee aliutafuta mwimo wa mlango kwa mkono, akaukosa, akautafuta tena. Melur alisimama palepale kwenye mvua, akimsubiri aseme.