Lenga-lenga za Nyuma ya Nyumba ya Diane

Fébronie aliipenda nyumba ile hata kabla ya kuona vyumba. Ilikuwa mbali, huko magharibi ambako Sydney inaishia kwenye mashamba, na nyuma ya nyumba, katikati ya nyasi zilizokauka, palisimama lenga-lenga, ule mchicha wa kwao, zenye majani mapana kama kiganja. Tangu atoke kwao Beni hakuwa amepata hata kipande cha udongo cha kulima, na magoti yake yalikuwa yanaanza kumgomea. Akachuchumaa akachuma. Diane, mwenye nyumba aliyekuwa akiiuza, alimtazama kutoka barazani akacheka, akamwashiria kwa mkono achukue zote.

Jioni, nyumbani kwao Mount Druitt, akazipika kwa mawese na karanga. Wakala na fufu, wakubwa na wajukuu, mpaka sufuria ikarambwa.

"Udongo unaozaa hivi haupimwi, Bruno," akamwambia mwanawe. "Tia sahihi."

Bruno alitaka kumfurahisha mama yake, lakini wakili akamzuia. Bomba kuu la maji taka halifiki upande ule, kila nyumba ina tangi lake la choo chini ya ardhi. Kibali cha baraza la mji cha kulitumia hakihamii kwa mnunuzi, lazima aombe chake. Na akinunua tangi bovu, ubovu ni wake. Apeleke fundi kwanza.

Jumamosi wakaenda wote, na fundi mmoja aitwaye Rufus. Alipofunua mfuniko, harufu ilipanda ikawashika kooni. Ndani kulikuwa na utando mzito wa kahawia, umevimba, unatoa mapovu polepole. Ornella, mke wa Bruno, akafunika pua kwa kitenge.

"Kitendawili!" Fébronie akasema, ili mkwewe asitapike.

"Mama, si sasa!"

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Nimemzika babu, bado anapumua."

"Tangi la Diane!" Ornella akacheka huku machozi yakimtoka.

Rufus hakucheka. Alikuwa akifuata njia ya mabomba, akichoma ardhi kwa chuma, mpaka akafika kwenye lenga-lenga. Akakanyaga. Maji meusi yakatoka kati ya mashina, na pamoja nayo vipande vya karatasi ya chooni, vimelowa, vimeng'ang'ania mizizi.

Rufus akamweleza Bruno kwa Kiingereza. Kicheko kikamkauka Fébronie. "Bruno, anasema nini?"

"Mama..." Bruno akatazama viatu vyake. "Mabomba yameziba. Maji ya choo yanatokea hapa juu. Siku nyingi."

"Tulikula," Ornella akanong'ona.

"Nyamaza," Fébronie akamkata.

"Watoto waliramba sufuria, Mama!"

Fébronie akatema mate, akatema tena, lakini ulimi ulibaki mzito kama umepakwa mafuta. Akamgeukia Diane, aliyekuwa amesimama barazani. "Muulize. Aliniona nachuma. Kwa nini hakusema?"

Bruno akauliza, akatafsiri jibu bila kuinua macho: "Anasema alidhani unawachumia sungura."

"Sungura!"

Diane akaongeza kwamba ni unyevu wa mvua tu. Mvua! Nyasi zote zilikuwa zinavunjika kama makapi. Kisha akamvuta Bruno kando: angepunguza bei, ilimradi anunue kama ilivyo, mambo ya tangi yawe juu ya Bruno.

Bruno akarudi kwa mama yake. "Mama, shamba ulilolitaka ni hili. Tutatengeneza taratibu."

Fébronie akaitazama ile ardhi. Ilikuwa kubwa kweli, na jua lilikuwa linaiangukia vizuri.

"Mimi ndiye niliyekuambia utie sahihi," akasema. "Sasa mwambie atengeneze mabomba yake, fundi aje tena aone, ndipo tuzungumze. Mavi yake aliyotulisha yanatosha, hatutayanunua."

Bruno akamwambia Diane, kwa maneno laini zaidi. Diane akatikisa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi wakaondoka bila shamba. Ndani ya gari Fébronie alikaa mikono ameiweka mbali na nguo zake, vidole vimetanuka, kama mikono ya mtu mwingine aliyopewa ashike kidogo.