Kigari Nje ya Mkahawa

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, mwezi wa pili, mwezi ambao hata Waswidi wenyewe, wakipata nauli, hukimbia. Nilimwambia mume wangu Bethuel amlete Juni. Akasema tikiti za Juni ni ghali, na isitoshe mama yake hajawahi kuona theluji. Basi akaiona. Aliiona uwanja wa ndege, akaiona dirishani kila asubuhi, na haukupita muda hamu yote ya kuiona ikamwisha.

Bethuel na mimi tulimwita Mwaitu, yaani mama, kama tunavyosema kwetu Ukambani. Eve, binti yetu wa miaka tisa, alimwita Susu kama wajukuu wote, lakini akiulizwa kitu alijibu kwa Kiswidi. Mwaitu hakulalamika, na hilo ndilo lililonitesa. Mama mkwe anayelalamika, angalau unajua umesimama wapi. Huyu alikaa kwenye kochi na sweta mbili, akatazama, akanyamaza.

Siku moja alimwona dirishani jirani yetu wa chini, kijana mwenye ndevu, akisukuma kigari cha mtoto mchana wa siku ya kazi.

"Huyu hana kazi?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba kazi anayo, ila huku baba naye hupewa likizo ya kulea.

"Na mama ya mtoto?"

"Yuko kazini."

"Mm," akasema, basi.

Siku nyingine alinikuta nimeweka jicho kwenye kitundu cha mlango, nangoja jirani amalize kufunga mlango wake na kushuka ngazi, ili nisitoke tukakutana na kulazimika kusalimiana. Tabia hiyo niliiokota hapa hapa Stockholm, sijui mwaka gani. Nilipogeuka, Mwaitu alikuwa amesimama nyuma yangu na leso yake mabegani, ananitazama. Nilijua tu kwamba yote anayaweka akiba, na siku moja yatasimuliwa Machakos mbele ya mashangazi wote.

Wiki ile shule zilifungwa kwa likizo ya majira ya baridi, nami nilikuwa na siku ya mapumziko kutoka nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nikasema twende sote dukani, Mwaitu anyooshe miguu. Jengo la maduka liko juu ya stesheni ya treni, si mbali na kwetu. Tulipofika nikamkalisha kwenye benchi ndani, karibu na milango ya vioo, mahali penye joto.

"Tunakuja sasa hivi, Mwaitu. Nachukua ndizi na unga."

"Nendeni. Mimi si mtoto."

Tulipotoka, benchi lilikuwa tupu.

"Mamma, var är Susu?" Eve akauliza.

"Usiniulize Susu yuko wapi! Nenda uangalie duka la dawa!"

Nikaacha mifuko chini, nikakimbilia chooni, nikakimbilia kwenye ngazi za treni. Mwaitu hakuwa na simu. Hakujua neno la Kiswidi zaidi ya "tack", yaani asante, na hilo alilitumia kwa salamu, kwa asante na kwa kwaheri. Nilimsimamisha kijana mmoja nikamuuliza kama amemwona mama mzee mwenye leso ya manjano. Akatoa vitu vyake masikioni, akaniomba radhi mara mbili kwa kutomwona, akavirudisha. Wakati huo kichwani nilikuwa namwona Mwaitu ndani ya treni ya kwenda Akalla, au kwenye barabara kuu, au ameanguka kwenye barafu. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia Bethuel. Wake wengine hupoteza soksi za waume zao. Mimi nimempoteza mama yake. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatiririke, kwa maana huku hakuna mtu atakayekuuliza unalia nini.

"Där!" Eve akapiga kelele, akionyesha nje ya vioo.

Nje ya mkahawa ulio pembeni mwa jengo kulikuwa na watu wapatao kumi. Walikuwa wamesimama mbalimbali, kila mtu na nafasi yake, hakuna anayesema na mwenzake. Katikati yao alikuwa Mwaitu. Karibu naye kulikuwa na kigari cha mtoto, kitupu. Mtoto mwenyewe alikuwa kifuani mwa Mwaitu, amefungwa leso juu ya blanketi lake, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Na mbele yao alisimama kijana wa Kiswidi mwenye shati tu, bila koti, ameinua viganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe mkali.

Nilipita katikati ya watu nikiomba samahani kwa lugha zote ninazozijua.

"Mueni, afadhali umefika," Mwaitu akasema kwa sauti ya utulivu kabisa. "Mwambie huyu kijana asinisogelee. Mtoto huyu ametupwa."

"Hajatupwa, Mwaitu. Huyu nadhani ndiye baba yake."

"Baba gani saa hizi? Mama yake yuko wapi?"

Nikamuuliza yule kijana. Meno yake yalikuwa yakigongana. "Yuko kazini," akasema.

Nikatafsiri. Mwaitu akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Na yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa ndani, anakunywa kahawa."

"Kahawa iko ndani kwenye joto," Mwaitu akasema polepole, "na mtoto yuko nje."

Sikulitafsiri hilo. Nilimwambia kijana kwamba mama mkwe wangu anauliza habari za afya ya mtoto. Nilianza kumweleza Mwaitu kwamba ndiyo desturi ya huku, kwamba watoto hulazwa nje kwenye vigari hata shule za chekechea, wamefunikwa vizuri, na watu husema hewa baridi huwapa usingizi mzito na kuwakinga mafua. Nilijisikia jinsi ninavyoongea. Hata mimi nisingejiamini.

"Nimemgusa pua," Mwaitu akasema. "Pua ni barafu."

Hapo nikamwona mwanamke mmoja akishusha simu yake, na mlinzi wa jengo akija kutoka upande wa stesheni, mkono kwenye mkanda. Niliona polisi, niliona viza ya Mwaitu, niliona maswali ambayo hujibiwa mbele ya meza na mkalimani.

"Mwaitu, nakuomba. Mrudishie mtoto wake."

"Kama ni wake, mtoto atatuambia. Mwambie amwite."

Nikamwambia yule kijana. Akameza mate, akainama kidogo. "Ebba," akasema. "Ebba, gumman," kama huku wanavyombembeleza binti mdogo.

Kichwa kidogo kikageuka ndani ya leso. Mtoto akamwona baba yake, akatoa sauti kama ya njiwa, akaanza kurusha miguu ndani ya vile vitambaa vyote hadi Mwaitu akalazimika kumshika kwa nguvu zaidi. Mwaitu akatingisha kichwa kukubali. Kabla ya kumtoa, akapitisha vidole chini ya kofia, akagusa shingo, kisha mgongo. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Kumbe ana joto," akasema kwa sauti ya chini. "Ana joto kama mkate."

Akamfungua, akamkabidhi. Na alipokuwa akimkabidhi, mkono wake ukagusa mkono wa yule kijana.

"Ai! Huyu ndiye anayekufa!" Akaikunjua leso yake ya manjano, akamzungushia kijana mabegani, akaikaza kifuani kwa fundo. Kijana akasimama pale kama bibi harusi, mtoto mkononi. Mtu mmoja katika lile duara akacheka, na mwingine akacheka, kisha wote wakaanza kutazamana, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona hapa Hallonbergen.

Mlinzi akafika, akauliza kuna tatizo gani.

"Hakuna tatizo," yule kijana akasema. "Alikuwa akinisaidia na mtoto."

Mlinzi aliitazama leso, akanitazama mimi, akaamua kwamba mambo haya si yake, akaondoka. Nilikaa chini kwenye ukingo wa dirisha la mkahawa, kwenye theluji.

Kijana aliitwa Henrik. Alitung'ang'aniza tuingie ndani, akatununulia kahawa na mikate ya iliki, Eve akala miwili. Kisha akaniambia jambo ambalo nililitafsiri neno kwa neno. Alikuwa amemwona Mwaitu tangu mwanzo, kupitia dirishani. Alimwona akiinama, akamwona akizunguka kigari, hata akamwona akimtoa mtoto.

"Kwa nini hukutoka mara moja?" nikamuuliza.

"Alionekana ana uhakika sana," Henrik akasema. "Nikafikiri labda mimi ndiye nimekosea."

Mwaitu alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini. Tangu afike, sikuwa nimemsikia akicheka. Akamchukua Ebba tena, safari hii kwa ruhusa, naye Ebba akalala mapajani pake, mle ndani kwenye joto, bila kujua kwamba anavunja desturi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Eve akiwa mbele na mfuko wa ndizi, Mwaitu alinishika mkono kwa sababu ya barafu.

"Eve anasema ulilia uliponikosa."

"Eve amekuambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kikamba, kile alichonacho. Ulilia?"

"Nililia, Mwaitu."

Akaubana mkono wangu, tukaendelea kutembea polepole. Kwenye mlango wa jengo letu tulimkuta jirani wa chini akihangaika na kigari chake na mifuko. Mwaitu akamsemea "tack" kwa sauti kubwa, akamshikia mlango, nami nikainua gurudumu la mbele. Yule jirani, ambaye kwa miaka yote nilikuwa nikimkwepa kwenye ngazi, akatuambia jina lake.

Jioni Bethuel aliporudi kutoka kazini alinikuta jikoni napika, naiimbia sufuria. Sebuleni Mwaitu alikuwa akiongea kwa simu yangu na dada zake wa Machakos, amevua sweta moja.

"Sikilizeni," alikuwa akisema, "watu wa huku ni wazuri, lakini wanahitaji kuangaliwa."