Kibuyu cha Wachuka

Kwa miaka minne Wachuka alikuwa akienda kwa wakwe zake Rongai akiwa mzima na kurudi Nakuru akiwa mgonjwa, na katika miaka hiyo yote aliyemwonea huruma alikuwa mtu mmoja tu, mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwumiza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kipandauso. Asikudanganye mtu kwamba hicho ni kichwa cha kumeza vidonge viwili ukaendelea kufua. Cha Wachuka kilianzia machoni. Mwanga wa kupindapinda ulitokea pembeni, ukakua, ukafunika nusu ya uso wa mtu aliyekuwa akizungumza naye. Kisha upande mmoja wa kichwa ukaanza kugonga, tumbo likapanda kooni, na hata mlio wa kijiko ndani ya kikombe ukawa wa kumtoa machozi. Wakati huo hakutaka chochote ila chumba chenye giza na dunia inyamaze. Sasa jaribu wewe kuomba chumba chenye giza kwa wakwe, saa nane mchana, vyombo vya watu ishirini vikikungoja nje kwenye karai.

Jepkemei, dada ya mumewe, hakuwa na subira na mambo hayo. "Hiyo kichwa ya Mama Chelimo iko na saa," alisema siku moja akiwa jikoni, akimtaja Wachuka kwa jina la mwanawe, kwa sauti iliyotaka kusikika. "Ikiona tu sufuria chafu, inaanza." Wanawake wakacheka. Wachuka alikuwa chumba cha pili amejifunika leso usoni, akasikia kila neno. Hata yeye alikuwa ameshaona kwamba kichwa chake kilikuja kwa saa.

Mwezi wa tano mwaka huu maji yalimfika shingoni, akaenda kliniki moja mjini. Huko alimkuta mwuguzi aliyeitwa Eucabeth, mama mnene asiye na haraka.

"Kabla kianze, huwa umekula nini?" Eucabeth alimwuliza.

"Chakula ya kawaida tu."

"Kawaida ya nani? Mimi chungwa moja linanilaza siku nzima, na dada yangu anakula debe. Nunua daftari. Andika kila kitu kimeingia mdomoni, umelala saa ngapi, umeshinda njaa ama hapana. Halafu utoe kitu kimoja kimoja. Usitoe vyote, utakufa njaa bure."

Wachuka alikuwa fundi wa kushona sare za shule, kwa hiyo aliandika kati ya mshono na mshono. Chokoleti aliyoiacha mwaka mzima kumbe alikuwa akiisingizia. Kushinda bila kula mchana kulikuwa na makosa, lakini madogo. Maziwa ya kwenye chai yalimjaza gesi tumboni mpaka sketi ikamkaba, ila kichwa hayakukigusa. Mwezi wa sita wakaenda Rongai. Alikunywa kikombe kimoja cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu, saa sita, na kabla ya saa tisa alikuwa amelala chali, leso usoni. Hapo ndipo alipoikumbuka ile safari moja ambayo mama mkwe alikuwa amekwenda matangani Molo. Siku hiyo hakuna aliyemmiminia mtu mursik, na yeye aliosha vyombo mpaka jioni akiimba.

Akamweleza mumewe. Bethwel alikuwa fundi wa matrekta, mtu wa kuinua injini kwa mikono, lakini aliposikia habari hiyo alikaa kwenye kiti kama aliyeitwa na hedimasta.

"Mursik ya mama? Lakini hiyo ni dawa. Mimi nimelelewa na hiyo."

"Wewe, ndio. Mimi inaniangusha."

"Sasa tutamwambia nini? Maziwa yako ni sumu?"

"Si wewe ndio umwambie. Ni mama yako."

"Mimi?" Bethwel alitazama mlango. "Sikiza. Ukipewa kikombe, toka nacho nje pole pole, mwaga kwa mboga. Nani atajua?"

Ni rahisi kumcheka Bethwel, lakini tumtendee haki. Nyumbani kwao kikombe cha mursik hakikuwa kinywaji cha kukata kiu. Mama yake, Rael Chepngeno, alisugua kibuyu mwenyewe, akakipaka ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, akachemsha maziwa, akayaacha yapoe, akayamimina na kufunga. Hakumwachia mtu kazi hiyo. Siku Wachuka alipoletwa mara ya kwanza, binti wa Kikuyu kutoka Njoro asiyejua hata neno la salamu, majirani walikuja kuona Mama Bethwel atafanya nini. Rael alimmiminia yeye kwanza, mbele ya binti zake mwenyewe, na majirani wakaenda zao.

Kulikuwa na jambo jingine. Wachuka alifiwa na mamake akiwa darasa la nane. Alipojifungua Chelimo, Rael alifika Nakuru na begi moja, akakaa wiki sita. Alimkanda mgongo kwa maji moto, akampikia uji, akamwamsha kwa jina ili anyonyeshe. Usiku wa kwanza Wachuka alilia mpaka mtoto akashtuka, na hakuweza kueleza kwa nini. Miaka kumi na mitano hakuwa na mtu wa kumwita mama. Akipata wa pili, amwambie kwamba mkono wake unaumiza? Heri alale gizani siku mbili. Maneno ya Jepkemei hakuyajali sana. Alichokiogopa ni kumpoteza Rael.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane wakaenda tena. Mahindi yalikuwa yamebeba pande zote za barabara. Bethwel alikwenda kutazama pampu ya maji, Chelimo akakimbilia ndama, na Wachuka akakaribishwa kiti nje chini ya paa la jikoni. Rael akatoka na kibuyu chembamba chenye shanga shingoni.

"Hii ni yako," alisema, akakitikisa taratibu karibu na sikio lake, kisha akamimina kikombeni. Maziwa yalitoka mazito, ya kijivu. "Imekaa wiki sita."

"Wiki sita, mama?"

"Si nimekuwa nikikuwekea yako kando tangu ule mwaka wa kwanza, nikiona vile kichwa inakusumbua. Mtu mgonjwa anataka ile imekomaa. Kwanza ilikuwa wiki moja, nikaona haisaidii. Nikaweka mbili. Kila mwaka naongeza. Jepkemei ameomba hii mpaka akachoka, nimemwambia ni ya Mama Chelimo."

Wachuka alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kumbe ndiyo sababu kipandauso kilizidi kila mwaka. Kadiri alivyougua ndivyo huyu mama alivyozidisha dawa, na kadiri alivyozidisha dawa ndivyo yeye alivyougua. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakuna alichoweza kufanya mbele ya uso ule uliokuwa ukimtazama kwa kutumaini.

"Asante, mama," akasema.

Rael akaenda kuchukua kuni. Wachuka akainuka. Alijua analofanya ni baya, lakini miguu ilikuwa imeshamtangulia nyuma ya jikoni, kwenye sukuma wiki. Akainamisha kikombe. Maziwa yakatiririka juu ya majani na kutuama chini, na udongo uliolowa mvua ukakataa kuyameza haraka. Mbwa wa nyumbani akaja akitikisa mkia na kuanza kulamba.

"Huyo mbwa anakunywa nini?"

Rael alikuwa amesimama hatua tano nyuma yake, kuni mikononi.

Rael aliangalia mboga, akaangalia kikombe kilichoinama, na kuni zikamponyoka moja baada ya nyingine. Hakuokota hata moja. Alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, mikono magotini.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Wachuka alipiga magoti palepale kwenye matope ya maziwa, akasema yote, bila mpangilio. Alieleza kuhusu daftari, Eucabeth, ule mwanga wa kupindapinda, na ile safari ya matanga ya Molo.

"Si uchafu, mama, wala si dharau. Mursik ni nzuri. Ni mimi mwili yangu imeikataa. Na vile inakaa sana ndio inanipiga zaidi."

Rael alihesabu kitu kwa vidole.

"Ule mwaka Chelimo alikuwa ananyonya," alisema mwishowe. "Ulilala siku tatu. Ulikuwa unatapika na mtoto analia. Mimi nilikuletea kikombe ya pili hapo kitandani."

"Ndio, mama."

"Na ukakunywa."

"Nilikunywa."

"Ukijua?"

"Wakati huo sikuwa najua. Lakini hii ya mwezi wa sita, nilikuwa nashuku. Nikakunywa tu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaniacha."

"Nikuache niende wapi?" Rael aliuliza kwa ukali, na sauti ikakatika. Alijifuta macho kwa pindo la kitambaa cha kichwani, kwa hasira, kana kwamba machozi nayo yalikuwa yamemkosea. "Nimekuwa nikikuumiza na mkono yangu, halafu naenda kanisa naomba Mungu akuponye! Mbele ya watu! Unajua hawa watoto wangu wananiambia sitaki kuanzia asubuhi? Sitaki hii, sitaki ile, mama toa hii. Jepkemei hata nguo nikimnunulia anarudisha. Wewe miaka nne hujaniambia sitaki hata siku moja. Mimi nikadhani ni heshima, nikakusifu kwa wenzangu. Kumbe ulikuwa unakaa kwangu kama mgeni. Mgeni ndio hunywa kila kitu amewekewa."

Hilo lilimchoma Wachuka kuliko kipandauso chochote. Alikuwa ameogopa kumwumiza kwa kukataa, na kumbe alikuwa amemwumiza kwa kukubali. Aliweka kichwa juu ya magoti ya yule mama, akakaa hivyo mpaka mbwa alipomaliza kulamba.

Jepkemei alikuwa amesimama kwenye kona ya jikoni, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa amesikia. Akaenda kulivuta karai la vyombo, akakaa chini, akaanza kuosha bila kumtazama mtu.

Jioni wakala wote mezani. Rael alikuwa amepika mboga mara mbili, za watu wote kwa maziwa kama kawaida yake, na za Wachuka kando kwa kitunguu tu. Alimwekea sahani mbele, akabaki amesimama nyuma ya kiti chake, mikono kiunoni.

"Iko aje?"

"Ni tamu, mama. Asante."

Rael hakuondoka. Bethwel aliacha kutafuna.

"Nimekuuliza iko aje."

Wachuka aliitazama sahani. Alifikiria kusema tena kwamba ni tamu, na maneno yalikuwa tayari ulimini.

"Chumvi imezidi," akasema.

Rael alinyoosha mkono, akachota mboga kwa vidole viwili kutoka sahani ile, akaonja, akakunja uso.

"Weh! Imezidi wapi? Haiwezekani!" Akainyakua sahani. "Unaamka saa kumi na moja, unakamua, unawapikia, halafu mtu anakaa hapo anakuambia chumvi! Hamjui kushukuru, nyinyi wote!"

Akaenda nayo jikoni akiendelea kulalamika, na kutoka huko walimsikia akigonga sufuria na kumsema Wachuka kwa sauti ileile aliyomsemea Jepkemei kila siku ya Mungu.