Safari ya Mbali ya Kwenda Kupinduliwa

Binti wa kinyozi aliitwa Wakili na kila mtu, hata mwalimu wake, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kuridhika na jibu la kwanza. Ukimwambia hapana, atakuuliza ni hapana ya leo au hapana ya siku zote. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka shule akiwa amesikia kwamba kuna mji mzima uliojengwa kwa ajili ya michezo tu, wenye magari ya reli yanayopaa hewani, yakapinduka kichwa chini na kurudi salama, baba yake alijua kuwa amani imetoweka nyumbani.

"Mji wenyewe uko wapi?" kinyozi aliuliza, na hapo akawa amekosea, maana aliyeuliza ni kama ameanza kufikiria.

"Ndege mbili, halafu basi."

"Ndege mbili! Kwenda kupinduliwa?"

"Lakini Baba, watu wanakwenda kutoka dunia nzima."

"Basi pameshajaa. Tusiwasumbue."

Mama alikuwa jikoni anasikiliza. Kazi yake ilikuwa kupima macho na kuuza miwani, na siku nzima aliwauliza watu lile swali moja akibadilisha vioo mbele ya macho yao: hiki au hiki, kipi kinaonyesha vizuri zaidi? Tabia hiyo ilikuwa imemfuata mpaka nyumbani. Akachungulia mlangoni, kijiko cha mti mkononi.

"Baba Wakili, twende, au tusiende? Ipi inakukalia vizuri?"

"Tusiende."

"Hebu ngoja, usijibu haraka. Twende... au tusiende?"

Pesa zilikuwepo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Zisingekuwepo, mjadala ungekufa jioni ileile. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya makochi mapya, kwani springi ya kochi la zamani ilikuwa imetoboa kitambaa na ilikuwa na tabia mbaya ya kuwachagua wageni wa heshima.

Kinyozi akaamua kuwauliza wateja wake. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni na wembe uko karibu na sikio, aliamini, husema ukweli. Wa kwanza kuulizwa alikuwa dereva wa teksi.

"Usithubutu," dereva alisema. "Watoto hawakumbuki kitu. Mimi nilipelekwa kuona maporomoko ya maji nikiwa mdogo. Safari ya siku nzima. Unajua ninachokumbuka? Nilidondosha aiskrimu."

"Kwa hiyo hukumbuki maporomoko?"

"Hata tone. Ila ile aiskrimu..." Dereva akajitazama kwenye kioo. "Ilikuwa ya zabibu. Marehemu baba akanipa yake."

Muuza magodoro, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu, akadakia. "Unaona? Mpeleke mtoto! Ukikataa, atakuja kukusema ukiwa mzee huna meno ya kujibu."

"Aende wapi, akapange foleni?" dereva alifoka. "Huko ni foleni tupu! Ndugu yangu, unapanga foleni ya kwenda kupanga foleni!"

"Umewahi kufika?"

"Sijafika, lakini foleni naijua!"

Ubishi ukapanda. Dereva akasimama na kitambaa chake shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akatoka kwenda kuwaita madereva wenzake waje kutoa ushahidi. Bahati mbaya huko nje akamkuta abiria aliyechelewa treni. Kinyozi alisikia mlango wa gari ukifungwa na injini ikinguruma, akatoka mbio na mashine mkononi, akakuta vumbi. Dereva alirudi jioni. Alisema abiria, alipokiona kile kichwa, hakuomba kupunguziwa hata shilingi, alilipa haraka na kushuka.

Wakati huo Wakili alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa amesikia kwamba kule kwenye yale magari makubwa kuna ubao wenye mstari, na asiyeufikia mstari hapandi. Mdogo wake wa kiume, ambaye kwa udogo wake walimwita Nukta, alipimwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Alipungukiwa vidole vinne.

"Kuanzia leo hanyolewi," Wakili alitangaza.

"Nani hanyolewi?" baba yake aliuliza. "Mtoto wangu mimi?"

"Nywele ziko juu ya kichwa chake. Na kichwa ni sehemu ya urefu."

Wiki zikapita, nywele za Nukta zikapanda, na kila jioni dada yake akizichana kuelekea juu kama anayesimamisha hema. Mtoto akawa anapita mbele ya saluni na kichaka kichwani. Mteja mmoja alimtazama, akamgeukia kinyozi.

"Fundi, huyu kijana ni wa nani?"

"Wa jirani," kinyozi alisema bila kupepesa.

"Baba!" Nukta aliita kutoka mlangoni. "Mama anauliza utakula saa ngapi!"

Hapo ndipo kinyozi alipokubali kwamba jambo hili haliwezi kuachwa lining'inie. Ilibidi lipate jibu, na mtu pekee waliyemjua aliyekuwa amefika kwenye mji huo alikuwa dada mkubwa wa mkewe. Jumapili wakavaa, wakaenda.

Mama mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na hata sebuleni kwake alizungumza kama yuko mbele ya mistari ya asubuhi. Mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu mkimya kupita kiasi. Kinyozi alikuwa akimnyoa kwa miaka, na maneno yote aliyopata kutoka kwake ni "punguza" na "asante, mwanyumba". Alikuwepo pia kijana wao mrefu, aliyekaa na visikilizio masikioni, na Bibi, mama yake mpima ardhi, aliyekuwa akimenya chungwa pembeni.

Ukutani palikuwa na picha za safari. Kubwa kuliko zote ilionyesha familia imesimama chini ya reli ndefu zilizojikunja angani, wote meno nje.

"Hakuna mfano wake," mama mkubwa alisema. "Ni safari inayoijenga familia. Inafunza watoto subira. Nendeni, nawaambia nendeni."

Mama Wakili akamtazama mumewe kwa jicho la unasikia. Kinyozi akaanza kuyaaga makochi moyoni. Lakini Wakili alikuwa amesogea ukutani, mikono nyuma, akikagua picha moja baada ya nyingine.

"Mama mkubwa, mbona hapa baba mkubwa amevaa blauzi?"

"Hilo ni shati la mapumziko."

"Lina maua. Na limefungwa utepe mgongoni."

Halafu sauti nzito ikatoka kwenye kona.

"Sanduku langu lilipelekwa nchi nyingine," mpima ardhi alisema. "Nilivaa nguo za mke wangu siku zote. Sketi tu ndiyo niliyokataa."

Kinyozi karibu adondoshe kikombe. Mama mkubwa akakohoa. "Hayo ni mambo madogo ya safari."

"Na Bibi mbona hayupo kwenye picha hata moja?"

"Nilipotea," Bibi alisema kwa fahari, akitema mbegu ya chungwa.

"Hukupotea, mama," mpima ardhi alisema. "Tulikupoteza."

"Nilikuwa kwenye wale farasi wa mbao wanaozunguka. Kijana wa pale ana adabu sana, haombi tiketi. Nikishuka ananionyesha kwa mkono, bibi panda tena. Nikapanda. Wenzangu hawa wanazunguka wananitafuta, mimi nazunguka juu ya farasi."

"Walikutangaza kwenye vipaza sauti uwanja mzima!" mama mkubwa alisema, uso umeanza kumcheza.

"Nilisikia. Lakini jina walivyolitamka, nikajua ni mtu mwingine. Nikamwonea huruma, maskini, mtu mzima mzima anapoteaje?"

Kijana akavua visikilizio. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Waambie kuhusu dubu."

"Hatuzungumzii dubu wakati wa kula," mama yake alisema.

"Dubu gani?" Nukta aliuliza.

"Si dubu wa kweli. Mtu amevaa vazi la dubu, anakumbatia watoto. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye vile vikombe vinavyozunguka, nimekula aiskrimu tatu. Akaja kunikumbatia. Nikamwambia kwa mikono asije. Akaja."

"Ukamtapikia?" Wakili aliuliza, macho yamemtoka.

"Mdomo wa dubu ulikuwa wazi," kijana alisema. "Ndimo yule mtu alimokuwa anachungulia."

Mpima ardhi akatoa mlio. Kwanza kinyozi alidhani amepaliwa, akainuka kumpiga mgongoni. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mabega yakitikisika, akavua miwani, akajaribu kusema neno akashindwa, akaonyesha kwa mikono jinsi dubu alivyokimbia ameshika kichwa chake mwenyewe kwapani. Mama mkubwa alijitahidi kubaki mwalimu mkuu kwa muda, halafu akajifunika uso kwa upande wa kitenge na kuporomoka juu ya bega la mumewe. Bibi alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wenye chungwa.

Wakili peke yake hakucheka. Alikuwa bado hajamaliza.

"Lakini hili," alisema, akigusa ile picha kubwa, "hili mlilipanda?"

Wote wakatazamana.

"Tulipanga foleni tangu asubuhi," mama mkubwa alisema akihema. "Tukafika mbele kabisa. Yaani mtu mmoja tu yuko mbele yetu. Mvua ikashuka. Wakafunga."

"Kwa hiyo hamkulipanda."

"Tulilishika," mpima ardhi alisema. "Ile nguzo. Niliishika." Na kicheko kikaanza upya.

"Basi ilikuwa safari mbaya," Wakili alihitimisha.

"Mbaya sana," mama yake mkubwa alikubali. "Usiku nililia bafuni."

"Mngerudi tena?"

"Hata kesho!" walijibu wote wanne, Bibi akiwa wa kwanza.

Kabla ya kuondoka, kijana aliutazama mlima wa nywele wa Nukta, akauliza ni wa nini. Alipoelezwa akamhurumia. Wale walinzi wa ule ubao, alisema, hushusha kibao mpaka kiguse fuvu. Nywele hazihesabiki. Jioni hiyohiyo Nukta alinyolewa, na baba yake alimnyoa kwa furaha ambayo haikuwahi kuonekana katika saluni ile.

Mkewe alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akakizungusha taratibu kwa mguu.

"Sasa, Baba Wakili? Umesikia mwenyewe. Sanduku, foleni, mvua, matapishi."

"Nimesikia." Kinyozi alikuwa anafagia nywele. "Mama Wakili, mwanyumba nimemnyoa miaka yote hii nikidhani hana meno. Leo nimeyaona yote. Na yule kijana wao, nyumba ile huwa anapita kama mpangaji."

"Kwa hiyo?"

"Hawakuwa wanachekea mashine. Mashine hata hawakuipanda."

"Unataka kusema twende kutafuta balaa."

"Letu wenyewe. Lao limeshatumika."

Mama alizunguka mara moja zaidi. "Mimi nikuambie ukweli? Hayo ya kupinduka siyataki hata kidogo. Mimi nataka kulala kwenye kitanda ambacho sikukitandika, na nikiamka nisiulizwe kitu."

"Huo nao ni mchezo."

"Na makochi?"

"Wageni wa heshima wapungue."

Wakaenda mwaka uliofuata, Nukta alipokuwa ameongezeka vidole vitano kwa nyama na mfupa wake mwenyewe. Masanduku yalifika yote. Mvua haikunyesha. Walipanga foleni, ndefu kweli kama dereva wa teksi alivyoapa bila kufika, na kwenye ubao mlinzi akakishusha kibao, akampa Nukta ishara ya kupita. Nukta akaangalia juu, akasikia watu wanavyopiga mayowe, akasema, "Hapana, asante," akatoka nje ya foleni kama mzee aliyekumbuka miadi.

Wakili akapanda na baba yake. Kuanzia gari lilipoanza kupanda mpaka liliposimama, alifumba macho na kumng'ang'ania baba mkono mpaka kucha zikaacha alama. Kinyozi alipiga kelele ambazo hakujua anazo. Waliposhuka, aliegemea pipa la taka.

"Umeonaje?" alimuuliza binti yake.

"Nipe muda," alisema.

Mama alilala. Alilala asubuhi ya kwanza na ya pili, mapazia yamefungwa, na hakuona mtambo hata mmoja, na alipoamka alisema hajawahi kutembea nchi nzuri kama ile.

Nukta yeye aligundua lifti. Nyumbani kwao hakukuwa na jengo lenye lifti, na hii ya hoteli ilikuwa na vioo pande zote na vitufe vinavyowaka. Hakulipia, hakupanga foleni, hakupimwa. Alisimama mlangoni akiwauliza wageni, kwa lugha ambayo hawakuijua, wanakwenda ghorofa gani, wao wakimwonyesha kwa vidole na yeye akiwabonyezea. Mchana wa mwisho baba yake alikuja kumchukua wakafunge mizigo, akakaa naye kidogo sakafuni, mgongo kwenye kioo, apumzishe miguu. Wakapanda, wakashuka. Wakili akaingia kuwatafuta, akabaki. Ghorofa ya sita mlango ukafunguka, Mama akasimama pale na kandambili za hoteli, mto umemchora shavuni.

"Basi linaondoka sasa hivi," alisema. "Mnafanya nini humu?"

Nukta alimtazama kwa heshima, kidole tayari.

"Juu au chini, mama?"

Mama alitazama korido, akatazama saa, akaingia.

"Juu," alisema.