Ufa wa Ghorofa ya Tatu

Wasichana wanane wa ghorofa ya tatu walipoanza kufunga mabegi yao, Hajati Bushira alijua kwamba asipofanya kitu wiki ile, hosteli yake ya Wandegeya itabaki na mlinzi na panya.

Sababu ilikuwa ufa. Ulianzia darini, kwenye ukuta wa korido ya juu kabisa, ukashuka mshazari hadi usawa wa dirisha. Mafundi watatu walikwisha kuuziba kwa saruji na kuupaka rangi, na mara zote tatu ulirudi. Safari hii Akidi, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa na chumba jirani nao, aliupiga picha akawatumia wenzake. Kufikia jioni picha ilikuwa imewafikia wazazi Gulu na Arua, na simu ya Hajati haikupata nafasi ya kupoa.

Alimwita mhandisi kijana, Cleopas. Akatazama dakika kumi, akatikisa kichwa. Hosteli ile ilijengwa mara mbili. Mbele kulikuwa na nyumba ya zamani isiyo na ghorofa, ya matofali ya kuchoma na chokaa, iliyojengwa na baba mkwe wa Hajati. Nyuma yake marehemu mumewe aliongeza jengo la zege la ghorofa tatu.

"Jengo jipya linazama, hajati," Cleopas alisema. "Msingi umeshindwa. Watoe watu wote, tuchimbe."

Usiku ule Hajati hakupata usingizi. Asubuhi Dawudi, mlinzi wake, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiwasha pampu na kupokea mizigo ya wasichana, alimsogelea taratibu.

"Hajati, kabla ya kuchimba, kuna mama mmoja alikuwa afande wetu kambini, nilipokuwa polisi. Alal. Yeye ndiye alikuwa anatengeneza nyumba za polisi. Sasa amestaafu, anakaa Luzira. Nyumba ikiumwa, yeye anajua inaumwa wapi."

Alal alifika saa nne na mfuko wa turubai: timazi, rula ya chuma, tochi na nyundo ndogo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, asiyependa kuharakishwa. Hakupanda ngazi. Alizunguka jengo zima kwa chini, akiinama, akigonga lipu, akifungua na kufunga milango.

Hajati alimfuata mpaka uvumilivu ukamwisha. "Afande, ufa uko juu."

"Najua, hajati. Ndiyo maana nimeanzia chini."

Walipofika ghorofa ya tatu, Alal alimulika ufa kwa tochi, akaukwaruza ndani kwa msumari. Kulikuwa na rangi tatu, moja juu ya nyingine, zote zimeingia ndani ya ufa.

"Umeanza lini?"

"Mwaka mmoja na kitu."

"Tazama hapa." Alichomeka ukingo wa sarafu kwenye ufa karibu na dari, ikaingia. Alipojaribu chini, karibu na dirisha, haukuingia hata ukucha. "Umepanuka juu, chini unakufa. Jengo likizama, ghorofa ya chini haikai kimya. Milango ingegoma, sakafu ingepasuka. Nimeizunguka yote, hakuna kitu. Huo msingi unasingiziwa. Kuna jambo linatendeka huku juu."

"Jambo gani?"

"Bado sijui. Nikikwambia leo nitakuwa nabahatisha, na wewe umeshachoshwa na watu wa kubahatisha. Lakini wasichana wa juu washuke leo hii. Mpaka nijue, hakuna mtu kulala hapa."

Hajati alidhani hilo ndilo litakalomaliza biashara. Waliwashusha wasichana kwenye chumba cha kulia cha nyumba ya zamani, wakapanga magodoro sakafuni na kutundika vitenge kuwa mapazia. Siku ya pili wenzao wa ghorofa nyingine walianza kushuka na mito yao, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na karanga za kukaanga na vicheko. Mabegi yaliyokuwa yamefungwa yakaanza kufunguliwa, moja baada ya jingine.

Alal naye alikuwa amekaza skrubu mbili ukutani, moja kila upande wa ufa. Asubuhi na jioni alipima umbali kati ya skrubu hizo na kuandika kwa penseli palepale. Jumatatu, milimita sitini na mbili. Jumanne, sitini na mbili. Jumatano jioni, sitini na moja na nusu. Alhamisi asubuhi, sitini na moja.

Akidi, aliyekuwa amepanda kuchukua kitabu, alichungulia begani kwake. "Mama, unajifunga wenyewe?"

"Unajifunga," Alal alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka. Akamwita Dawudi. "Toka jana nini kimebadilika katika jengo hili?"

Dawudi alifikiri. "Hakuna, afande. Hakuna kitu. Hata maji hakuna. Yamekatika toka jana asubuhi, wasichana wanabeba madumu kwa jirani mwenye kisima."

Alal aliweka penseli sikioni. "Tenki lenu liko wapi?"

"Juu. Kwenye paa."

Dawudi alimwita Hajati, wakapanda wote watatu, Hajati akiwa nyuma, akihema. Paa lilikuwa bamba tambarare la zege, na katikati yake lilisimama tenki jeusi refu kumpita Dawudi, lenye maandishi meupe: lita elfu kumi. Alal alihesabu hatua kutoka tenki hadi nguzo ya karibu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili.

Hajati aliliegemea tenki kama mtu anayemtambulisha mwanawe.

"Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichonunua mwenyewe baada ya mume wangu kufariki," alisema. "Ndugu zake walitaka tuuze. Walisema mwanamke hawezi kuendesha hosteli, ataiangusha. Mimi nikaona wasichana wanabeba maji ngazi zote hizi, nikasema, hapana. Maji yakikatika nusu siku, mtaa mzima unalia, kwangu wanaoga. Safari hii yamezidi tu, ndiyo maana limekauka." Akaona jinsi Alal anavyolitazama tenki, kisha anavyotazama zege chini yake. "Afande. Usiniambie ni hili."

"Sitakwambia. Tutalijaribu, uone kwa macho yako."

Mchana ule Alal alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, upande huu na upande ule. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kingevunjika. Maji yaliporudi Jumamosi asubuhi, hakuruhusu pampu iguswe mpaka Cleopas aitwe na ghorofa zote ziwe tupu.

"Jaza nusu tu," alimwagiza Dawudi. "Nikipiga kelele, zima."

Wakasimama koridoni, Alal, Hajati na Cleopas, wakikitazama kioo huku pampu ikinguruma chini. Dakika ishirini zikapita. Thelathini. Cleopas alikuwa ameanza kuangalia simu yake waliposikia sauti ndogo, kama ya kijiti kinachokatika. Mstari ulikuwa umepita katikati ya kioo.

"Dawudi, zima," Alal aliita. Akapima. Sitini na moja na nusu. "Lita moja ya maji ni kilo moja. Likijaa, ni tani kumi, limesimama katikati, mbali na nguzo zote. Zege linapinda, kidogo sana, huwezi kuona. Lakini ukuta huu ulijengwa kutenganisha vyumba, si kubeba paa. Ukilemewa, unapasuka. Maji yakiisha, unapumua."

Cleopas alipima mwenyewe mara mbili. Kisha akakaa kwenye ngazi akapiga hesabu kwenye simu yake, muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza.

"Mimi nilisema ni msingi," akasema mwishowe.

"Ulisema," Alal alijibu. "Sasa likague zege vizuri, na utuchoree mahali pa kuliweka tenki."

Kijana akatabasamu kwa aibu, akapanda kwenye paa.

Hajati hakutabasamu. Alikaa kwenye ngazi palepale alipoondoka Cleopas, akishika mtandio wake. "Kwa hiyo shemeji zangu walisema kweli. Nilikuwa naiangusha nyumba ya mume wangu kwa mikono yangu."

Alal alikaa kando yake. "Nyumba haijaanguka, na wasichana wako wameoga mwaka mzima. Tenki ni zuri, hajati. Pahali ndipo pabaya. Nani alichagua kuliweka pale katikati?"

Hajati aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Alal akadhani analia.

"Shemeji yangu mdogo," Hajati alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Yule aliyesema sana kuliko wote. Alikuja na vijana wake, akaniambia, mama, hii ni kazi ya wanaume, wewe kaa chini unywe chai."

Alal naye akacheka, mpaka Dawudi akapanda mbio kuuliza kuna nini.

Wiki iliyofuata wanaume sita kutoka Bwaise walilishusha tenki likiwa tupu, kwa kamba na kapi, wasichana wote wakiwa uani wakiwaelekeza kwa sauti ingawa hakuna aliyewaomba. Likakaa juu ya jukwaa la zege kando ya jiko, na tenki dogo likawekwa juu ya paa, pale ambapo Cleopas alihakikisha nguzo inalibeba. Hata hivyo, Alal hakuziba ufa. Alipima siku saba zaidi, na kila mara ikawa sitini na moja. Hapo ndipo alipotoa lipu ya zamani, akalaza nondo nyembamba ndani ya ukuta kuvuka ufa, akazishindilia saruji, akapiga lipu mpya juu ya wavu wa waya. Aliagiza isipakwe rangi kwa mwezi mzima, ili kila mtu aone kama kuna mstari wowote unaorudi.

Mwezi ukaisha, ukuta ukiwa mzima. Cleopas alileta barua yake ya ukaguzi, lakini Hajati aliona barua haitoshi. Alisema hawezi kumrudisha mtoto wa mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajalala. Akachukua shuka zake na godoro la Akidi, akalala siku tatu kwenye chumba cha Akidi, kitanda cha dirishani.

Asubuhi ya nne alishuka ameshika kiuno. Wasichana walikuwa wakimsubiri chini ya ngazi na magodoro yao kichwani.

"Ukuta ni mzima," aliwaambia. "Lakini hayo magodoro yaacheni hapo hapo. Sikujua mnalala juu ya mbao. Dawudi, kaite gari, twende sokoni tukanunue mapya."